Uanzie wapi na Eric Dolphy

Dada, umesema ulimsikiliza Dolphy, yule mpiga jazz wa Marekani, dakika mbili ukaona ni kelele tupu. Nadhani ulianzia mlango mgumu. Usianze na albamu yake "Out to Lunch!". Tafuta "God Bless the Child" aliyopiga Copenhagen mwaka 1961, yeye na klarineti ya besi tu, bila ngoma, bila piano. Anateremka hadi sauti nzito kabisa, ghafla anarukia juu, na bado wimbo unausikia ndani yake. Mimi niliisikilizia hapa Iringa, alfajiri ya Julai, baridi ile unayoijua, na nikairudia mara tatu kabla ya chai.

Kisha msikilize kwenye filimbi. Aliwahi kueleza kwamba nyumbani California ndege walikuwa wakiimba naye akifanya mazoezi, naye huacha kazi yake awajibu. Kaa Gangilonga, hapa Iringa, asubuhi utaelewa mara moja kwa nini ile miruko yake si fujo.

Hapo ndipo urudi "Out to Lunch!" ya Februari 1964. Mfuate mpiga ngoma, Tony Williams, kijana wa miaka 18 tu! Na usingoje mdundo wa kucheza kama wa bendi ya Morogoro Jazz; jina la jazz ni moja, muziki ni mwingine.

Inaniuma kila nikikumbuka: Juni mwaka huohuo alifia Berlin, ana miaka 36. Kisukari.