Kabla hujachora njia ya baiskeli

Wewe uliyeanza kazi ya mipango miji juzi na tayari umepewa barabara uiwekee njia ya baiskeli, nakuomba usianzie kwenye kompyuta. Nenda ukasimame pale barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Kwa Dar es Salaam utawaona wauza samaki waliotoka Feri na matenga kwenye keria, wauza mikate, mafundi wanaowahi saiti, na guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lililojaa viroba hadi dereva wake haonekani. Hao ndio wateja wako. Chukua futi ulipime guta. Ukishajua upana wake, hutachora tena njia ya mita moja.

Baada ya hapo uliza swali moja: magari ya hapa yanakwenda kasi gani, na ni mengi kiasi gani? Jibu ndilo litakalokuchagulia aina ya njia. Kwenye barabara kuu yenye malori na daladala, tenga njia kabisa kwa ukingo wa zege au bustani. Mimi hutaka angalau mita 2 kwa upande mmoja, ili mwenye haraka ampite mwenye mzigo. Ikiwa ya kwenda na kurudi, mita 3. Mtaa wa makazi hauhitaji njia ya pekee. Weka matuta na ubane kona hadi magari yasizidi kilomita 30 kwa saa, kisha wote watumie barabara moja.

Mstari wa rangi uuogope. Niliwahi kuuchora kwenye barabara ya kilomita 50 kwa saa kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo. Haikupita muda, ukawa maegesho ya bodaboda na magari, na waendesha baiskeli wakalazimika kurudi katikati ya malori. Niliona aibu, kwani wengine walikuwa wameacha njia zao za vichochoroni wakaiamini rangi yangu. Mstari wa rangi unafaa pale tu ambapo magari ni machache na hayakimbii.

Sasa makutano, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari linalokata kushoto linamkatisha mwenye baiskeli anayenyoosha moja kwa moja. Ibane kona iwe kali, ili dereva alazimike kupunguza mwendo. Inua kivuko kama tuta, njia ya baiskeli ipite juu yake bila kushuka, na mstari wa magari kusimama uuweke nyuma. Michoro mingi inayonifikia imenyooka vizuri mita 300, halafu ikifika makutano inakatika kimya kimya. Irudishe kwa aliyeichora.

Kituo cha daladala kinataka njia ipite nyuma ya kibanda, la sivyo abiria watashukia mbele ya gurudumu.

Usikubali pia vipande vipande. Sevilla, Hispania, kuanzia 2006 walijenga ndani ya miaka michache mtandao uliotengwa wa zaidi ya kilomita 100, ukaungana mtaa kwa mtaa, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa. Sisi, mradi wa mabasi yaendayo haraka wa Barabara ya Morogoro, ulioanza huduma mwaka 2016, ulikuja na njia za baiskeli pembeni. Ni uti wa mgongo mzuri. Lakini anayetoka ndani ya Manzese au Ubungo lazima aufikie salama, na mitaa hiyo ya kuunganisha ndiyo kazi yako.

Wafanyabiashara wadogo watapanga meza juu ya njia yako. Kabla ya kuwaita wavamizi, ongea nao, uwatengee ukanda wao kwenye mchoro.

La mwisho, vifuniko vya mitaro. Nondo zikilala sambamba na safari, tairi jembamba linazama katikati na mtu anarushwa. Andika kwenye mchoro kwamba nondo zikae kwa kukatisha, kisha siku ya makabidhiano panda baiskeli yenye mzigo, upite juu ya kila kifuniko mwenyewe.