Msimamizi wa uchaguzi anayechaguliwa kwa tiketi ya chama: niliyoyaona Georgia

Mkuu mleta uzi, umeuliza: inakuwaje Marekani afisa anayesimamia uchaguzi wa jimbo zima naye anagombea kwa tiketi ya chama, anapiga kampeni, na wakati mwingine jina lake limo kwenye uchaguzi uleule anaousimamia? Na je, sisi ambao kila uchaguzi tunadai tume huru tuna cha kuchukua hapo? Wachangiaji wengi wamejibu kwa mkato kwamba huyo ni refa aliyevaa jezi, wakaishia hapo. Hawajakosea. Ila mimi naishi jimbo la Georgia tangu 2009, nimeshapata uraia, na kuanzia 2018 nafanya kazi kituoni siku za kupiga kura. Hiyo jezi nimeiona, na nimeona pia kilichomfunga refa mikono asiivuruge mechi. Nivumilieni, jibu langu ni refu.

Cheo chenyewe ni Katibu wa Jimbo. Msimchanganye na yule wa Washington wa mambo ya nje, hawahusiani kabisa. Katika majimbo kama 35 hivi wananchi wanamchagua wenyewe. Pennsylvania na Texas anateuliwa na gavana, na kwingine, kama Maine na New Hampshire, anachaguliwa na bunge la jimbo. Kazi yake si uchaguzi peke yake. Mimi hii ofisi niliifahamu 2017 nilipoandikisha kakampuni kangu ka usafi: cheti kilikuja na sahihi ya Brian Kemp, Katibu wa Jimbo, nikakitia kwenye fremu. Dada zetu manesi na wasusi walioko huku leseni zao zinapita chini ya ofisi hiyohiyo. Kwa hiyo nilidhani ni kitu kama BRELA tu, wakala wa kusajili biashara kule kwetu Tanzania. Mwaka uliofuata nikaliona jina lilelile kwenye skrini ya kupigia kura: Kemp anagombea ugavana.

Hapo ndipo swali lako lilipokuwa na uzito kuliko wakati wowote. Kemp, wa Republican, alikuwa Katibu tangu 2010, akagombea dhidi ya Stacey Abrams wa Democratic bila kuachia kiti. Daftari la wapiga kura la jimbo linatunzwa na ofisi yake. Mwezi Oktoba ikafahamika kwamba maombi kama 53,000 ya kujiandikisha yamewekwa kiporo, mengi kwa sababu taarifa za mwombaji hazikulingana herufi kwa herufi na kumbukumbu nyingine za serikali, na karibu asilimia 70 yalikuwa ya watu weusi. Wenye majina kama yetu mnaelewa haraka, maana karani akisahau "h" moja au akiunganisha majina mawili, tayari wewe ni mtu mwingine. Kemp alijibu kwamba sheria ndivyo inavyotaka, na kwamba wote hao wangeweza kupiga kura wakifika na kitambulisho. Jimmy Carter, rais mstaafu na mzaliwa wa Georgia, mtu ambaye alikwenda kuangalia chaguzi katika nchi nyingi, alimwandikia barua akimwomba aachie ofisi. Hakuachia. Alijiuzulu siku mbili baada ya kura kupigwa, akiwa mbele, na tofauti ya mwisho ilikuwa karibu kura 55,000. Mwaka 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho aliyatupa madai ya taasisi ya Abrams dhidi ya taratibu zile, na ni haki kulisema hilo.

Kwa hiyo mimi sisemi aliiba. Ninachosema ni kwamba hata kama kila kitu kilikwenda sawa, aliyeshindwa hakuwa na namna ya kuridhika. Na mwaka ule mashine zetu zilikuwa za skrini tupu, unagusa jina, unagusa tena kuthibitisha, basi. Hakuna karatasi. Bibi mmoja alimaliza kupiga kura akaniuliza, "Sasa kura yangu iko wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha mashine. Alinitazama tu, akaondoka. Sikuwa na jibu jingine la kumpa, na swali lile nimekaa nalo miaka yote hii.

Sasa njooni 2020. Katibu ni Brad Raffensperger, Republican, aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama kama mtangulizi wake, na mwenyewe akimuunga mkono Trump. Lakini kuna kitu kilikuwa kimebadilika. Jaji wa shirikisho alikuwa ameamuru zile mashine za zamani ziondolewe, na sheria ya 2019 ikaleta mpya zinazochapisha karatasi. Unachagua kwenye skrini, karatasi inatoka ina msimbo wa mraba na chini yake majina ya uliowachagua kwa maandishi, unaisoma, unaiingiza kwenye skana, inadondoka kwenye sanduku lililofungwa kwa lakiri yenye namba. Sheria hiyohiyo ilitaka baada ya uchaguzi ufanyike ukaguzi wa angalau kinyang'anyiro kimoja kwa kutumia karatasi zenyewe. Raffensperger akachagua cha urais, na kwa jinsi kura zilivyokaribiana ikabidi karatasi zote zihesabiwe kwa mkono. Karibu milioni 5, kaunti zote 159, kati ya tarehe 13 na 18 Novemba.

Mimi nilikuwemo. Tulikaa wawili wawili kwenye meza ndefu, barakoa usoni, kalamu na karatasi ya kujumlishia mbele yetu. Mwenzangu alikuwa mzee mstaafu wa posta. Utaratibu ulikuwa huu: mimi nachukua karatasi moja, nasoma kwa sauti jina la aliyepigiwa kura ya urais, nampa mzee, yeye anaisoma tena kwa macho yake, akikubali anaiweka kwenye fungu. Fungu la Trump, la Biden, la Jorgensen wa chama kidogo cha Libertarian, la waliouacha urais wazi, la waliochagua wawili. Kisha tunahesabu kila fungu, tunajaza fomu, tunasaini wote wawili, sanduku linarudishwa na kuandikwa saa lilipotoka na saa lilipoingia. Waangalizi wa vyama vyote viwili walikuwa wakizunguka nyuma yetu, wanaona ila hawagusi. Kuna karatasi moja ya kura ya posta naikumbuka mpaka leo: mpiga kura alitia wino kiduara cha mgombea mmoja, akakikata kwa mistari, akatia cha pili, pembeni akaandika kwa mkono kwamba amekosea. Mimi na mzee tuliitazama kwa muda mrefu. Wote tulielewa alichotaka, lakini kuamua halikuwa jukumu letu. Ilikwenda kwenye meza ya jopo, ambapo mtu wa chama hiki na mtu wa chama kile wanaamua pamoja.

Katika zoezi lile kaunti ya Floyd ilikuta karatasi kama 2,600 ambazo hazikuwa zimehesabiwa mwanzoni, nyingi za Trump, zikaingizwa. Matokeo hayakugeuka. Baada ya kuhesabu tena kwa mashine, Biden alibaki mbele kwa kura 11,779. Tarehe 2 Januari 2021 Trump akampigia simu Raffensperger akamwambia anataka kupata kura 11,780. Mazungumzo yale yalirekodiwa na dunia nzima ikayasikia siku iliyofuata. Katibu alikataa.

Watu huishia hapo wakisema "basi alikuwa mtu mwadilifu". Sawa, alisimama imara, na familia yake ilitishiwa maisha kwa ajili hiyo. Lakini jiulize: angekubali, hizo kura 11,780 angezitoa wapi? Zisingetoka ofisini kwake, kwa sababu karatasi zilikuwa kwenye maghala ya kaunti, kila sanduku na lakiri yake, na fomu zilizosainiwa na watu kama mimi na yule mzee. Katibu anaweka kanuni, anasimamia daftari, anatangaza matokeo na kuyathibitisha. Kuhesabu ni kazi ya kaunti. Angeweza kuleta fujo kubwa, angeweza kukataa kusaini akatupeleka mahakamani, ila asingeweza kuziumba karatasi. Ndiyo maana wale waliotaka kubatilisha matokeo waligeukia wafanyakazi wa chini. Mama mmoja na binti yake waliofanya kazi Kaunti ya Fulton walizushiwa uongo mpaka wakahama makazi. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama liliamuru Rudy Giuliani, aliyekuwa wakili wa Trump na mmoja wa walioueneza uongo huo, awalipe dola milioni 148. Kwetu sisi tuliokaa kwenye meza zile, habari ile haikuwa siasa za kwenye televisheni.

Sasa kuna sehemu ambayo wanaosema "basi ateuliwe tu" hawaiangalii. Machi 2021, miezi michache baada ya ile simu, bunge la Georgia lilipitisha sheria ikamvua Katibu uenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo pamoja na kura yake ndani ya bodi. Nafasi ikawa ya mtu anayechaguliwa na wabunge. Kufika 2024 bodi hiyo ya wateule, kwa kura 3 dhidi ya 2, ilipitisha kanuni ya kulazimisha vituo vihesabu idadi ya karatasi kwa mkono baada ya kufungwa, ikiwa imebaki kama miezi miwili kasoro kwenda kwenye uchaguzi. Sisi wa vituoni tulikuwa hatujafundishwa. Kumbukeni mimi ni mtu ninayependa kuhesabu kwa mkono, lakini kwa siku kadhaa, mchana, mbele ya waangalizi. Sio saa tano usiku na watu waliokuwa wamesimama tangu kabla ya saa moja asubuhi. Mahakama ilizuia. Hao walioleta kanuni ile hakuna mwananchi aliyewapigia kura, na hakuna anayeweza kuwatoa kwa kura. Raffensperger, kwa upande wake, alirudi kwa wananchi Mei 2022. Trump alimsimamishia mtu wake, Jody Hice, kwenye kura za maoni za chama, na Raffensperger akashinda kwa zaidi ya asilimia 52. Mwaka huohuo Arizona, Nevada na Michigan, wagombea waliokuwa wakikana matokeo ya 2020 waliomba cheo hikihiki wakakataliwa na wapiga kura.

Lakini msije mkadhani nautetea mfumo huu. Florida 2000, urais wa nchi nzima ulikatwa na kura 537, na aliyethibitisha matokeo alikuwa Katherine Harris, Katibu aliyechaguliwa kwa tiketi ya Republican na ambaye pia alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya urais ya George W. Bush katika jimbo hilo. Na sio Republican peke yao: Arizona 2022, Katie Hobbs wa Democratic aligombea ugavana akiwa bado Katibu, akashinda kwa kura kama 17,000, na mpinzani wake akakaa mahakamani muda mrefu. Kwa maoni yangu hili linatibika kwa sheria fupi tu: ukitaka kugombea cheo kingine, achia hiki kwanza, na usishike wadhifa katika kampeni ya mtu. Inaniuma kwamba mpaka leo Georgia haina sheria hiyo, na Raffensperger mwenyewe mwaka 2025 ametangaza kuwania ugavana.

Turudi nyumbani Tanzania. Tume yetu ilipewa jina jipya 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na wajumbe bado wanateuliwa na Rais. Suala la wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi lilifika Mahakama Kuu 2019 ikasema hapana, na Mahakama ya Rufani mwaka uleule ikatengua. Mkuu, kama unaniuliza tuanze kumchagua mwenyekiti wa tume kwa tiketi za vyama, nitakwambia usithubutu. Kwetu ingekuwa kampeni ya pili ya urais. Ninachotamani tukichukue ni kile kilichoko chini yake: namna ambayo karani, wakala na mwananchi wa kawaida wanaweza kuirudia hesabu bila kumwomba mkubwa ruhusa. Hapa Georgia kituo kikifungwa saa moja jioni, skana inatoa ukanda mrefu wa karatasi wenye matokeo, tunausaini, na nakala moja inabandikwa mlangoni kabla hatujaondoka. Kila mara kuna mtu anakuja na simu kuipiga picha. Kwetu fomu ya kituo ipo na wakala ana haki ya nakala. Hapo ndipo ningepigania kwanza, wakala asitolewe nje na nakala asinyimwe.

Mmoja hapo juu ameuliza kama mhamiaji anaruhusiwa kufanya kazi hii. Ukiwa raia, ndiyo. Kwa mlioko Georgia, maombi yanapelekwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, mafunzo wanatoa wao na posho ipo. Hapa Clarkston wapiga kura wanaozungumza Kiswahili ni wengi, hasa ndugu zetu Wakongo, na mzee akifika mlangoni akasikia "shikamoo" anatulia, anaanza kuuliza maswali.