Mwenzangu wa mbio ana saratani, nami nimeanza kumkwepa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Kinondoni. Huu ni mwaka wa sita nakimbia na dada mmoja wa klabu yetu ya jogingi. Kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri tunaanzia Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite mpaka Ocean Road, tunageuza. Mwezi uliopita, tukiwa tunanyoosha misuli, akaniambia majibu yametoka: ana saratani ya titi. Nilibaki nimeshika mguu wangu, nikasema tu "Mungu mkubwa". Usiku ule nikamweleza kiongozi wetu ili tumchangie, naye akaliweka kwenye grupu la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia. Mwenzangu akajitoa kwenye grupu bila neno. Sasa ameanza dripu za kemo, zile dawa za saratani. Namtumia ujumbe wa pole, anajibu "asante" basi. Kumpigia naogopa. Na tulishajiandikisha wote nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Pole, maana nawe umepigwa na habari hii, na sioni mtu aliyekupa pole.

Tuanze na lile grupu. Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Yeye ndiye anayechagua nani ajue, lini, na kwa maneno gani, na pengine siku ile hata mama yake mzazi alikuwa hajaambiwa. Alikuchagua wewe, ufukweni, gizagiza halijaisha, na kabla hakujakucha siku ya pili watu mia walikuwa wanajua. Najua ulitaka kumsaidia. Hata hivyo, nenda ukamwombe radhi, tena ana kwa ana, na usimfungulie maelezo ya nia yako. Mwambie: "Nilitoa siri yako bila ruhusa yako. Nisamehe." Kisha nyamaza. Akikasirika, acha akasirike. Ukianza kulia wewe, itabidi akubembeleze yeye, na nguvu hizo hana.

Michango iendelee akikubali, lakini ipite mikononi mwa mtu atakayemchagua mwenyewe. Na kiongozi wenu aombwe kuwazuia wale wanaomtumia majani ya mstafeli na maji ya vitu wasivyovijua. Mdogo wangu alipougua, jikoni kwetu kulijaa chupa hizo. Kila aliyeleta chupa alitaka kujua kama ameinywa, na yeye alichoka kuwadanganya watu wema. Chochote cha kunywa nje ya dawa alizoandikiwa, daktari wake akijue kwanza, kwa sababu kuna mitishamba inayogongana na kemo.

Unaniuliza ufanye nini. Jambo nililojifunza kwa mdogo wangu ni hili: watu wengi waliuliza "unahitaji nini?", naye kila mara akajibu "sihitaji kitu". Swali lile lilimpa kazi ya kufikiri. Aliyemfaa ni jirani mmoja aliyesema, "Alhamisi nakuja na uji, nitafua nguo za watoto." Akaja. Siku nyingine alimkuta anasukuma sahani pembeni, analalamika kila kitu kina ladha ya msumari. Kemo huwafanyia wengi hivyo. Jirani hakutoa nasaha. Kesho yake alileta mwiko mdogo wa mti na kijiko cha plastiki, akaweka mezani, wakaanza kuzungumza habari za mtaani. Mdogo wangu alikula nusu bakuli. Nakumbuka nusu bakuli ile kuliko maua yote.

Wewe una kitu ambacho jirani yule hakuwa nacho. Unajua mwendo wa mwenzako: wapi anakata pumzi, wapi huwa anaanza kuimba. Kwa wengine wote sasa hivi yeye ni mgonjwa. Kwako bado anaweza kuwa mkimbiaji, na ukimkwepa unamnyang'anya hata hilo.

Siku hizi wataalamu hawamwambii mgonjwa wa saratani alale tu. Ushauri wao ni mazoezi ya mwendo ya wastani, kama nusu saa mara tatu kwa wiki, kwa anayeweza, nayo husaidia kupunguza uchovu na huzuni ya matibabu. Ruhusa itoke kwa daktari wake kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizi hugusa moyo, na nyingine hutia ganzi kwenye nyayo, mtu akajikwaa mahali palipo tambarare. Kuna siku damu itakuwa chini na ngazi za nyumbani kwake zitamshinda. Siku hiyo mkae barazani. Tena, wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu, kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu hushuka sana. Ukiwa na mafua usiende, mpigie simu. Na joto lake likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali usiku uleule. Msimeze panadol mkangoja asubuhi.

Nikupe habari ya Fred Lebow, mmoja wa waanzilishi wa marathoni ya New York mwaka 1970. Mwaka 1990 aligundulika ana saratani ya ubongo. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, alitaka kukimbia marathoni yake mwenyewe. Aliyekwenda naye bega kwa bega ni Grete Waitz wa Norway, aliyekuwa ameshinda mbio hizo mara 9. Mwanamke aliyezoea kumaliza kwa saa mbili na nusu hivi, siku hiyo alitumia saa 5 na dakika 32, wakafika mwisho wameshikana mikono. Lebow alifariki mwaka 1994. Miaka mingi baadaye Waitz naye alipatwa na saratani, akafariki mwaka 2011. Kila nikiwasoma hawa wawili, nawaza zile saa tatu za ziada. Waitz hakumvuta. Alipunguza mwendo.

Kuhusu zile mbio za Kilimanjaro kule Moshi, usimfutie jina wala usimwambie "lazima tutakimbia". Kile kilima cha Mweka mnachopanda kwenye mbio kinaweza kusubiri mwaka mwingine. Muulize mwenyewe. Akitaka kwenda kutembea zile kilomita 5 za kujifurahisha, nenda naye na uache nusu marathoni yako. Akitaka ukimbie wewe akusubiri uwanjani na kofia kichwani, kimbia. Akisema hataki hata kusikia neno Moshi, funga mjadala.

Na lile lango la taasisi ya saratani pale Ocean Road, mlilolipita kila Jumamosi mkiangalia saa zenu, sasa pengine ndilo anapoingia kwa dripu. Kama ndipo anapotibiwa, uliza kama unaweza kumsindikiza. Beba maji, kanga ya kujifunika maana dripu huchukua saa nyingi, na chaja ya simu. Akinyamaza, nyamaza naye, kama mlivyozoea kunyamaza kwenye kupanda daraja.

Mpigie leo jioni, usingoje Jumamosi. Asipopokea, mtumie sauti yako, fupi, umwambie unakuja lini na unakuja na nini.

Shangazi yako