Video Nimezitazama Zote, Hesabu za IP Bado Zinanishinda

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanaojifunza anwani za IP na ugawaji wa mitandao kwa video za mtandaoni, wengi wao wakijiandaa kwa mitihani au tayari wakiwa kazini. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengi.

*Ndugu wahariri, nasoma stashahada ya TEHAMA. Nimefuatilia mfululizo mzima wa video za kugawa mitandao. Mwalimu akikokotoa namwelewa vizuri, lakini nikipewa swali langu mwenyewe, kwa mfano 172.16.45.200/20, sijui hata pa kuanzia. Je, nirudie video zote tangu mwanzo?*
Mwanafunzi, Mwanza

Usirudie. Mwalimu anapokokotoa kwenye video, anakuwa amekwisha kukufanyia sehemu ngumu kuliko zote, nayo ni kuchagua okteti ya kushughulikia. Hufanya hivyo kimyakimya, kwa mazoea, kisha anaendelea na hesabu ambazo ni nyepesi. Ndiyo maana unamwelewa yeye na unakwama peke yako.

Tuanze hapohapo basi. Anwani ya IPv4 ina biti (tarakimu za 0 au 1) 32, zimegawanywa katika okteti nne za biti nane nane. Alama ya /20 inasema biti 20 za kwanza ni za mtandao na 12 zilizobaki ni za vifaa. Okteti ya kwanza inachukua 8, ya pili 8, jumla 16. Zimebaki 4, nazo zinaangukia okteti ya tatu. Kazi yako yote iko kwenye okteti hiyo ya tatu, yaani kwenye 45. Ile 200 ya mwisho iache kwanza.

Sasa kariri safu hii hadi uweze kuiandika bila kufikiri: 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255. Hizo ni thamani za maski, namba inayoonyesha biti zipi ni za mtandao, kwa biti 1, 2, 3 hadi 8. Biti 4 ni 240, kwa hiyo maski ni 255.255.240.0. Toa 240 kwenye 256, unapata 16. Hiyo 16 ndiyo hatua: mitandao inaanzia 0, 16, 32, 48 na kuendelea. Namba 45 iko kati ya 32 na 48, kwa hiyo mtandao ni 172.16.32.0. Mtandao unaofuata ni 172.16.48.0; anwani iliyo moja nyuma yake, 172.16.47.255, ndiyo anwani ya tangazo kwa vifaa vyote. Vifaa vinapata kuanzia 172.16.32.1 hadi 172.16.47.254, jumla 4,094, yaani 2 kwa kipeo cha 12, ukatoa 2.

Ukitaka kujua kwa nini njia hii haikosei, andika 45 kwa bainari: 00101101. Maski ya 240 ni 11110000. Biti nne za kwanza zinabaki, nne za mwisho zinakuwa sifuri, unapata 00100000, ambayo ni 32. Hivyo ndivyo kifaa chenyewe kinavyofanya kila kinapotaka kutuma pakiti (kipande cha data). Fanya hesabu hii ya bainari mara kadhaa mwanzoni ili uiamini ile ya hatua, halafu tumia ya hatua.

Makosa yanayojirudia ni haya. Ukipata 172.16.45.192, umefanya kazi kwenye okteti ya nne. Ukiandika 172.16.47.0 kuwa anwani ya tangazo, umesahau kwamba okteti iliyo kulia kwa ile unayoishughulikia hujaa 255. La tatu ndilo linalowapata hata waliokwisha kuhitimu: kudhani kwamba anwani yoyote inayoishia na 0 au 255 haipewi kifaa. Katika mtandao huu wa /20, 172.16.33.0 na 172.16.40.255 ni anwani za kawaida kabisa. Zilizokatazwa ni mbili tu, ya kwanza na ya mwisho.

Kuhusu video: swali likitokea kwenye kioo, simamisha kabla mwalimu hajasema neno. Andika kwa kalamu vitu vinne, yaani mtandao, anwani ya tangazo, kifaa cha kwanza na kifaa cha mwisho. Ndipo uendelee. Mkitofautiana, usifute, tafuta mstari gani ulipotea njia. Video moja ya maswali kumi ukiitazama hivyo itakufaa kuliko mfululizo mzima unaoupitisha machoni tu.

Jipime na hizi. 10.77.130.9/18 iko kwenye mtandao 10.77.128.0, tangazo 10.77.191.255. 192.168.5.117/29 iko kwenye 192.168.5.112, tangazo 192.168.5.119. 172.20.99.14/23 iko kwenye 172.20.98.0, tangazo 172.20.99.255. Ukipata zote tatu bila kuchungulia, umevuka.

*Salaam wahariri. Video moja inasema idadi ya mitandao midogo ni 2 kwa kipeo cha biti zilizokopwa kutoka upande wa vifaa, ukatoa 2. Nyingine inasema usitoe kitu. Nimfuate nani?*
Msomaji, Mombasa

Usitoe. Video ya kwanza inafundisha kanuni ya zamani. Waraka wa RFC 950 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) wa mwaka 1985 ulitenga mtandao mdogo wenye biti zote sifuri na ule wenye biti zote moja, kwa sababu itifaki (kanuni za mawasiliano) za wakati ule hazikuwa zikisafirisha maski pamoja na njia, hivyo ruta (kifaa kinachounganisha mitandao) haikuweza kutofautisha 172.16.0.0 ya mtandao mzima na 172.16.0.0 ya mtandao mdogo wa kwanza. RFC 1878 ya Desemba 1995 ilisema desturi hiyo imepitwa na wakati, na ruta za kampuni ya Cisco zinaruhusu mtandao wa sifuri bila kuamriwa tangu toleo la 12.0 la programu yake ya IOS.

Kutoa 2 kunabaki kwenye idadi ya vifaa tu. Hata hapo pana tofauti moja: kiungo cha ruta mbili kinaweza kutumia /31, chenye anwani mbili na zote mbili zikatumika, kwa mujibu wa RFC 3021 ya mwaka 2000.

Kwa hiyo unapochagua video, sikiliza dakika za mwanzo. Mwalimu akijenga somo lote juu ya madaraja A, B na C, tafuta mwingine. Mfumo wa madaraja uliachwa mwaka 1993 ulipoingia mfumo wa CIDR, ule wa kuandika /20 au /26. Madaraja yajue kama historia.

*Ndugu wahariri, ninahudumia kompyuta za shule ya sekondari. Tuna maabara yenye mashine 50, ofisi ya walimu yenye 25, uhasibu 10, na kiungo cha ruta mbili kati ya majengo mawili. Nimetumia 192.168.20.0/24. Kiungo nimekipa 192.168.20.0/30. Uhasibu nikaanza nao 192.168.20.4/28, ruta ikapewa .5, lakini inagoma kupokea anwani hiyo. Video niliyoifuata haikusema lolote kuhusu hili.*
Fundi, Dodoma

Ruta iko sahihi. Hatua ya /28 ni 16, kwa hiyo mitandao yake inaanzia 0, 16, 32 na kuendelea. Hakuna /28 inayoanzia 4. Ulipoandika .5 kwa maski 255.255.255.240, ruta ilisoma mtandao wa .0 hadi .15, na ndani yake tayari umekaa ule wa kiungo, .0 hadi .3. Mitandao miwili imepandana, na ruta haikubali miguu yake miwili (sehemu zake za kuunganishia) iwe kwenye eneo moja.

Dawa ni kuanza na kikubwa kushuka kwa kidogo. Kila mtandao lazima uanzie kwenye kizidisho cha hatua yake, na ukianza na vikubwa jambo hilo hujipanga lenyewe. Maabara ya mashine 50 inahitaji /26, yenye nafasi 62: .0 hadi .63. Walimu 25 wanaingia kwenye /27, yenye nafasi 30: .64 hadi .95. Uhasibu /28, yenye nafasi 14: .96 hadi .111. Kiungo /30: .112 hadi .115.

Huo ndio mpango wa mtihani, na mtahini atakupa alama zote. Sisi tusingeufunga shuleni. Walimu 25 wana simu, na simu zikiunganishwa na Wi-Fi kila moja inadai anwani yake. Ongeza printa, ongeza vituo vya Wi-Fi, ongeza anwani ya ruta yenyewe ambayo wengi husahau kuihesabu. Nafasi 30 zitaisha mapema, na dalili yake itakuchanganya: waliofika asubuhi wanapata mtandao, waliochelewa hawapati.

Isitoshe, hizi ni anwani za ndani, zisizotoka nje ya mtandao wako. Hulipii hata moja. Una 192.168.0.0/16 nzima mkononi. Wape maabara 192.168.20.0/24, walimu 192.168.21.0/24, uhasibu 192.168.22.0/24, na kiungo 192.168.255.0/30. Anwani ikionekana mahali, okteti ya tatu inakwambia ni chumba gani, na hutahitaji kikokotoo unapotafuta hitilafu. Ubanaji wa anwani una maana unapogawa anwani za umma.

Jambo la mwisho ambalo video za hesabu hazigusi: kugawa anwani peke yake hakuitengi ofisi ya uhasibu. Kama vyumba vyote vimechomekwa kwenye swichi moja bila VLAN (mgawanyo wa swichi moja kuwa mitandao tofauti), mwanafunzi akiiandikia mashine ya maabara anwani ya uhasibu yuko ndani. Tenganisha kwa VLAN, au kwa swichi tofauti zinazokutana kwenye ruta.

*Hamjambo. Kompyuta yangu inasema anwani yake ni 192.168.1.7, lakini tovuti za kukagua IP zinaonyesha namba inayoanza na 102. Siku nyingine ikaonyesha 169.254 na intaneti ikakatika. Na nilipoongeza ruta yangu nyuma ya ile ya kampuni ya intaneti, kila kitu kilisimama.*
Msomaji, Nairobi

Hayo ni mambo matatu. Anwani za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 ni za ndani na hazisafiri kwenye intaneti. Ruta huzibadilisha kwa anwani ya umma, kazi inayoitwa NAT. Hiyo ya 102 ni ya umma, kutoka fungu linalosimamiwa na AFRINIC, shirika lenye makao yake Morisi linalogawa anwani barani Afrika. Angalia /12 vizuri: inaanzia 172.16 hadi 172.31. Anwani ya 172.32 ni ya umma, na mtihani hupenda kutegea hapo.

169.254 ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikiwa imeomba anwani kwa DHCP (huduma ya kugawa anwani, kwa kawaida iko kwenye ruta) na haikujibiwa. Usianze kulaumu intaneti. Kagua waya, kagua nenosiri la Wi-Fi, kagua kama ruta bado ina anwani za kugawa, kisha kwenye Windows toa amri ya ipconfig /renew.

La ruta mbili: yaelekea zote mbili zinatumia 192.168.1.0/24. Ruta yako inauona mtandao huohuo mbele na nyuma, haijui pakiti ielekezwe wapi. Ingia kwenye ruta yako, badilisha upande wa ndani uwe 192.168.50.1, uiwashe upya, na uunganishe vifaa tena ili vipewe anwani mpya.

*IPv6 ikienea, hesabu hizi zitakuwa na kazi gani?*
Msomaji, Arusha

Zitapungua ugumu. Katika IPv6, toleo jipya la anwani za IP, mtandao wa ofisi kwa kawaida hupewa /64, na taasisi ikipewa /48 inapata mitandao 65,536 ya aina hiyo bila kubana kitu. Lakini wazo la kukata biti za mtandao na kubakiza za vifaa ni lilelile, na IPv4 bado iko kila mahali. Jifunze IPv4 kwanza.

*Bando ni ghali na sina vifaa vya maabara. Nifanyeje mazoezi?*
Msomaji, Kigoma

Cisco Packet Tracer hupatikana bure ukijisajili na Cisco Networking Academy. Ukishaipakua na kuingia kwa akaunti yako, mazoezi yenyewe hayahitaji bando. Video zipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, na usishushe picha hadi 144p, maana namba za ubaoni hazitasomeka.

Bila Packet Tracer, tafuta kompyuta mpakato mbili na waya mmoja wa mtandao. Kadi za mtandao za siku hizi hazihitaji waya wa kukatisha (crossover); wowote utafaa. Zima Wi-Fi kwenye zote mbili. Ya kwanza ipe 192.168.50.10, ya pili 192.168.50.20, maski 255.255.255.0 kwa zote, lango (anwani ya ruta ya kutokea nje) liache wazi. Toa amri ya ping, inayopima kama kifaa kingine kinajibu, kutoka moja kwenda nyingine. Isipojibu, mara nyingi ni kinga ya Windows (firewall) inayozuia ping kwenye mtandao wa umma. Ruhusu maombi ya ICMPv4 (ujumbe unaotumiwa na ping) yanayoingia, ujaribu tena.

Ikijibu, badilisha maski za zote mbili ziwe 255.255.255.240. Kabla ya kupiga ping, andika kwenye karatasi utakachokiona. Hatua ni 16: .10 iko kwenye mtandao wa 0 hadi 15, .20 iko kwenye ule wa 16 hadi 31, na hakuna ruta kati yao, kwa hiyo zitakataa kuonana ingawa waya ni uleule. Kisha rudisha 255.255.255.0 kwa ile ya .20 tu, uache ya .10 na 255.255.255.240. Ping kutoka .20 bado haitapata jibu: .20 inaiona .10 kuwa jirani na inatuma, ila .10 inaiona .20 kuwa ya mtandao mwingine na haina lango la kurudishia. Maski zisizolingana namna hii hutokea sana maofisini, hasa mtu anapoandika anwani ya printa kwa mkono. Malizia kwa kubadilisha ya .20 iwe .14, maski zote ziwe 255.255.255.240. Sasa zitaonana.