Usiiguse resolv.conf kabla hujajua anayeiandika ni nani

Ijumaa msomaji kaniandikia: "Kaka, seva yangu ya Ubuntu kila ikizimika inasahau DNS. Nimechoka." DNS ndiyo inayogeuza jina kama google.com kuwa anwani ya namba. Ujumbe huo umenitonesha kidonda.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, kwenye chuo ambacho sitakitaja. Asubuhi ya usajili, mfumo ukagoma. Ukiandika ping 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, inajibu, ukiandika ping google.com inakaa kimya, kisha inasema "Temporary failure in name resolution". Nikafungua /etc/resolv.conf, faili linaloiambia mashine imuulize nani DNS, nikafuta 127.0.0.53, nikaweka 8.8.8.8. Kazi ikaendelea, nikapigiwa makofi. Saa nane mchana umeme ukakatika. Seva ilipowaka, 127.0.0.53 imerudi pale pale, na foleni ya wanafunzi imefika getini. Mkuu wangu akasema mbele ya wote, "Kumbe tumeajiri mbahatishaji." Neno lile linaniuma mpaka leo.

Usiku ule niliandika ls -l /etc/resolv.conf. Kumbe ni kiungo tu, kinaelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, na vilivyomo /run vinakaa kwenye RAM: mashine ikizimika, vimekwenda. Anayeliandika faili hilo ni systemd-resolved, huduma ya Linux inayoshughulikia DNS, na ile 127.0.0.53 niliyoifuta ndipo anaposikiliza, humo humo ndani ya mashine, kisha anapeleka maswali kwa seva za DNS alizopewa. Hakuwa na kosa. resolvectl status ilinionyesha amepewa anwani ya seva iliyokwisha kung'olewa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mpe anwani sahihi. Kwenye Ubuntu ya seva fungua faili lililomo /etc/netplan, chini ya kadi yako ya mtandao weka nameservers, ndani yake addresses: [1.1.1.1, 8.8.8.8]. Kusogeza mistari ndani, tumia kitufe cha nafasi (space), usitumie tab. Kisha sudo netplan try. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi yenyewe. Ukiwa mbali na seva, hiyo ndiyo salama yako.

Wapo watakaokushauri uondoe kiungo, uweke faili lako na kulifunga kwa chattr +i, amri inayozuia faili lisibadilishwe wala kufutwa. Usikubali! Atakayerithi mashine hiyo atahangaika usiku kucha na faili lisilofutika hata kwa sudo. Vijana, tuache kunakili amri tusizozielewa. Kwanza ls -l, kisha resolvectl status, ndipo ushike nano uhariri faili.

Jana yule msomaji kanijibu: kaizima na kuiwasha mara tatu, na 1.1.1.1 bado ipo.