Modeli ya 1/24 imetangazwa, tarehe inasogea: nilipie sasa?

Ndugu, umeuliza kama ulipie mapema gari la plastiki la kuunganisha la 1/24 (dogo mara 24 kuliko gari halisi) lililoonyeshwa kwenye maonyesho ya modeli ya Shizuoka, Japani, mwezi Mei, ilhali tarehe ya kutoka inazidi kusogezwa mbele. Usitazame tarehe, tazama picha. Mchoro wa kompyuta peke yake maana yake molidi ya chuma (kalibu ya kumiminia plastiki) huenda haijachongwa, na kampuni ya gari bado inaweza kudai mabadiliko kabla ya kutoa kibali. Hapo usitoe hata senti. Ukiona vipande vya plastiki tupu vikiwa bado kwenye fremu zake, molidi ipo. Kinachobaki huwa ni marekebisho ya jinsi vipande vinavyokaa pamoja. Boksi lenye namba ya bidhaa na bei, hapo weka oda, ila kwa duka linalokata pesa siku ya kutuma mzigo.

Hakikisha pia si toleo la zamani lenye stika mpya. Matoleo hayo huwahi kutoka kwa sababu molidi ipo tayari.

Rangi ndiyo ununue sasa: kopo moja la Tamiya TS (rangi ya kupuliza kwa modeli), ml 100, kwa kawaida linatosha bodi moja, na makopo ya gesi hayasafirishwi kwa posta ya ndege. Vipande vya chuma vya ziada vya kuipamba modeli, vinavyouzwa kando, viache kwanza. Vipimo hutofautiana kati ya watengenezaji, na havirudishwi kirahisi.