Jibu: Umeme wa ubongo na kutembea tena

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako, mwenye jeraha la uti wa mgongo lakini bado anahisi miguu kidogo, anaweza kusaidiwa na umeme wa ubongoni. Huenda, ila bado ni utafiti, si tiba ya kuiomba hospitalini.

Uliyoisikia nadhani ni kazi ya mtafiti Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch kule Lausanne, Uswisi, iliyotoka Desemba 2024. Waliingiza elektrodi (nyaya nyembamba za kupitisha umeme) kwenye haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo tuliyozoea kuihusisha na njaa, si miguu! Mgonjwa wa kwanza alikuwa macho wakati wa upasuaji: umeme ulipowashwa akasema anaihisi miguu yake, ulipoongezwa, akapata hamu ya kutembea.

Wagonjwa walikuwa wawili tu, wote uti wao uliumia kwa sehemu, si wote. Umeme hauungi kilichokatika, unazipa nguvu nyuzi chache za neva zilizosalia. Na mazoezi waliyafanya sana, kwa hiyo mdogo wako asiyaache ya kwake. Muulizeni daktari jeraha lake ni daraja gani, A (jeraha kamili) hadi E (hali ya kawaida). Likiwa B, C au D, kuna mawasiliano ambayo bado yanapita.